Kelele kwenye muziki wa gari: namna ya kuzisaka mpaka chanzo, kisha kupanga maboresho kwa hesabu

Amplifaya haichagui cha kukuza. Ukiipelekea wimbo wenye mluzi ndani yake, itakurudishia wimbo mkubwa na mluzi mkubwa. Kwa hiyo hapa tunaanza na kelele, manunuzi yatafuata, ingawa wengi wetu huanza kinyume: sabufa kwanza, lawama kwa fundi baadaye.

Gari ninaloliwazia ni lile linalojaa mitaani kwetu: Toyota ya mtumba kutoka Japani, tuseme Noah, Premio au Probox. Redio ya asili imeng'olewa ikawekwa ya Android, kuna amplifaya ya chaneli nne chini ya kiti, na sabufa iko kwenye buti au inanukia kuja. Kama lako ni la aina nyingine, kanuni hazibadiliki sana.

Andaa multimita (mita ya kupimia umeme), hata ya bei ndogo, msasa, spana namba 10 na 12, waya mmoja mrefu wa kutoka mbele mpaka nyuma ya gari, simu iliyojaa chaji, na kebo ya kutoka tundu la hedifoni kwenda RCA, zile plagi za duara zinazobeba sauti kutoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji kiungio chake. Na sheria moja isiyo na mjadala: usichomoe wala kuchomeka RCA huku mfumo umewashwa. Sababu yake utaiona mbele.

Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Kelele ina tabia, na tabia yake inakutajia inakotoka. Mluzi mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia ni wa altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka), na mara nyingi njia unayopitia ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bati la gari. Tiki-tiki inayokwenda na mizunguko ya injini hutoka kwenye koili na plagi. Mvumo unaosikika ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, ukakaa sekunde chache kisha ukanyamaza, ni pampu ya petroli. Magari mengi wameiweka ndani ya tenki chini ya kiti cha nyuma, hapohapo nyaya za RCA zinapokatiza. Mlio wa "tk" kila indiketa inapowaka ni rilei. Kelele ya "shhh" isiyobadilika, injini iwe inawaka au imezimwa, hiyo huwa ni geini (kitasa cha amplifaya cha kuilinganisha na nguvu ya redio) iliyofunguliwa kupita kiasi.

Halafu kuna kelele ambayo si ya umeme kabisa: mkwaruzo unaotokea besi ikipiga tu. Hapo usishike mita. Bonyeza kwa kiganja kibao cha namba ya gari, plastiki za mlangoni, rafu ya nyuma ya kioo, moja baada ya nyingine, huku besi inapiga. Ukibonyeza mahali na mkwaruzo ukakoma, umemaliza.

Sauti iwe sifuri

Washa injini, cheza wimbo, kisha shusha sauti ya redio mpaka sifuri. Mluzi ukibaki palepale, unaingia baada ya kitasa cha sauti: kwenye RCA, kwenye amplifaya au ethi yake. Ukififia pamoja na muziki, umeshaingia kabla ya hapo, yaani kwenye redio yenyewe au kifaa kilichochomekwa kwake.

Hali hii ya pili ndiyo rahisi zaidi, tena ndiyo watu huilipia pesa nyingi bila sababu. Simu inachajiwa kwenye soketi ya kiberiti na wakati huohuo imeunganishwa na redio kwa waya wa AUX. Umeme wa chaja na ethi ya redio vimefunga duara, na mluzi unazunguka humo. Chomoa chaja. Kelele ikikata, tumia Bluetooth au weka kitenganishi kidogo cha ethi kwenye waya wa AUX. Hapo kitenganishi kinafaa. Kukibandika kwenye RCA za sabufa sikupendekezi: ndani yake kuna transfoma ndogo, na zile za bei poa hupunguza besi ya chini, ambayo ndiyo uliyoinunulia sabufa.

Kata mfumo katikati

Kelele imebaki hata sauti ikiwa sifuri? Zima kila kitu, chomoa RCA zote kwenye amplifaya, washa injini, sikiliza. Ikiendelea, tatizo liko kwenye amplifaya, ethi yake, au nyaya za spika zinazogusa bati la gari. Ikikata, rudi nyuma kuelekea kwenye redio.

Sasa zima tena, uchomeke simu moja kwa moja kwenye amplifaya kwa ile kebo, simu ikiwa haichaji. Muziki ukitoka msafi, amplifaya haina kosa; mtuhumiwa ni redio, au RCA zinazotoka mbele. Ili kujua ni ipi kati ya hizo mbili, chukua RCA nyingine yoyote, ipitishe juu ya viti bila kuficha, unganisha redio na amplifaya. Mluzi ukipotea, waya wa zamani umeumia au umelazwa pamoja na waya mkubwa wa moto. Ukibaki, shughulika na redio.

Hapa ndipo sheria ya kutochomoa RCA ina maana yake. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo mno kwenye kadi ya ndani, inayounganisha ganda la nje la RCA na ethi. Ethi ya amplifaya ikilegea, au ukichezea RCA mfumo ukiwa umewashwa, umeme wa amplifaya hutafuta njia ya kurudi kupitia ganda hilo na ile fyuzi inakatika. Redio itaendelea kuimba kama kawaida, ila mluzi hauishi hata ubadilishe waya mara ngapi. Ipime: RCA zikiwa zimechomolewa, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye ganda la tundu la RCA nyuma ya redio, nyingine kwenye kasha lake la chuma. Iwe karibu na sifuri. Mita isiposoma kitu, zungusha waya mwembamba kwenye ganda la RCA na uufunge kwa skrubu ya kasha. Mluzi ukikata, jibu unalo, na fundi wa elektroniki atairudishia fyuzi hiyo kwa kazi ya muda mfupi.

Ukiwa huko nyuma ya redio, angalia pia waya mweusi wa ethi umeishia wapi. Usipojua, chukua ule waya mrefu, unganisha ethi ya redio na mahali ambapo amplifaya imefungiwa ethi, kisha washa. Mluzi ukipungua sana, umethibitisha kwamba ethi mbili hizo haziko sawa. Angalia vilevile kwamba hakuna aliyeunganisha negativu za spika kwenye bati la gari. Redio za leo zinaendesha spika kwa nyaya zote mbili, na kuishikiza moja kwenye ethi kunaleta kelele na kunaweza kuunguza redio.

Ethi, mama wa matatizo

Nyanyua kapeti mahali amplifaya ilipofungwa. Mara nyingi utakuta waya mweusi mwembamba kuliko ule wa moto, umebanwa na skrubu ya kujichimbia kwenye bati jepesi, na chini ya kiungio rangi ya kiwandani bado inang'aa. Rangi haipitishi umeme. Ampea zote zinapita kwenye meno ya ile skrubu tu, na gari likitikisika kwenye matuta skrubu inalegea kidogo kidogo.

Usiamini macho, pima. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iunganishe na negativu ya betri kwa kutumia ule waya mrefu, nyekundu iguse skrubu ya ethi ya amplifaya yenyewe. Injini inawaka, muziki uko juu. Ukisoma chini ya volti 0.1, hapo pazuri. Ikivuka 0.2, huo ndio ugonjwa wako. Na ukiona namba inacheza kwa kufuata besi, huna haja ya kuendelea kutafuta.

Kuirekebisha hakuhitaji pesa, kunahitaji subira. Chagua bati nene la chasi, lisizidi sentimita 45 kutoka kwenye amplifaya. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uone upande wa pili kuna nini: bomba la breki, bomba la petroli na tenki haviko mbali na sehemu hizi. Sugua rangi kwa msasa mpaka upate duara la chuma cheupe, kubwa kidogo kuliko kiungio cha waya. Tumia bolti na nati, weka washa yenye meno, kaza. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa moto, si mwembamba. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu yake. Wenye magari Tanga, Mombasa na Unguja wanajua chumvi ya bahari inavyofanya bati lililo wazi. Bolti ya mkanda wa kiti usiiguse kabisa, hiyo ni ya kuokoa maisha.

Mbele nako kuna ethi zinazosahaulika: waya unaotoka negativu ya betri kwenda kwenye bodi, na ule unaounganisha injini na bodi. Gari lenye miaka 15 au 20 huwa nazo zimeota kutu ndani ya ganda. Injini ikiwaka na taa zimewashwa, pima kati ya negativu ya betri na chuma cha injini, kisha kati ya negativu na bodi. Zaidi ya 0.2, ongeza waya mpya mnene sambamba na wa zamani. Magari ya karibuni yana kisoma-umeme kilichofungwa kwenye kichwa cha negativu. Humo ethi zako zipeleke kwenye bodi, usizifunge kwenye betri moja kwa moja, la sivyo kompyuta haitajua muziki unakula kiasi gani.

Altaneta yenyewe

Injini ikizimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.4. Kisha badili mita iwe AC, pima kwenye pozitivu ya altaneta na ethi. Chini ya 0.1 ni safi. Ikikaribia 0.5, kuna diodi imekufa, na hakuna kichujio cha dukani kitakachoiponya. Tahadhari: mita nyingine za bei poa ukiziweka AC kwenye umeme wa gari husoma 25 na zaidi. Hiyo ni kasoro ya mita. Usikimbilie kununua altaneta.

Na yule anayetaka kuchomoa betri injini ikiwaka "ili tuone kama altaneta inachaji", mzuie. Volti huruka ghafla, na kompyuta ya injini inaweza kwenda nazo.

Hybrid za Toyota kama Aqua na Prius hazina altaneta; betri ya volti 12 huchajiwa na kibadilishi kutoka kwenye betri kubwa. Nyaya za rangi ya chungwa ni za volti nyingi, zinaua. Usipitishe chochote karibu nazo.

Kelele za FM peke yake

Bluetooth iko safi lakini FM inakwaruza? Redio za Kijapani zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90 MHz, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, ndiyo maana magari mengi yalifungwa kibadilishi cha masafa kwenye waya wa antena. Redio mpya haikihitaji; kama bado kimening'inia nyuma ya dashibodi, kitoe, kisha kwenye mipangilio ya redio chagua eneo sahihi. Halafu tazama waya wa bluu wa antena. Toyota nyingi zina kikuza-mawimbi cha antena kinachotaka volti 12, na aliyefunga redio akiuacha waya huo hewani, stesheni za mbali zinakufa. Baada ya hapo zima kimoja kimoja: taa za LED, chaja ya kiberiti, kamera ya dashibodi. Taa za LED za bei poa ni wasumbufu wakubwa.

Sasa mfuko: soma fyuzi, usisome boksi

Gari likishanyamaza, tunaweza kuzungumza manunuzi. Boksi limeandikwa wati 2000 kwa herufi za dhahabu, lakini amplifaya ina fyuzi moja ya ampea 25. Zidisha: 25 mara 13.8 ni wati 345 zinazoingia. Amplifaya ya daraja AB hupeleka takribani nusu yake kwenye spika, ya daraja D hufika asilimia 80. Wati 2000 hazipo popote. Namba ya kuitafuta ni RMS, yaani wati ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Vivyo hivyo redio iliyoandikwa 4x50: bila amplifaya ya nje, tegemea kama wati 20 safi kwa kila spika.

Tufanye mpango wa kweli. Amplifaya ya chaneli nne yenye wati 75 kila chaneli, daraja AB, itataka kama ampea 40 ikiwa kilele. Ya sabufa, daraja D ya wati 500, itataka kama 45. Jumla 85. Muziki si king'ora, wastani wake huwa chini sana ya kilele, ila waya na fyuzi hupangwa kwa kilele. Kutoka betri mpaka buti ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 21 utapoteza volti 0.35 hivi. Wa milimita 8, ule unaokuja kwenye seti za bei ya chini, utapoteza karibu volti moja nzima, na utapata moto.

Tena si kila waya mwekundu ni shaba. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake unazidi kwa zaidi ya nusu. Dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, omba kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ama uache, ama ununue unene wa juu zaidi kwa bei ya chini.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwa waya huo wa 21, ampea 100 inatosha. Kazi yake ni kuulinda waya usiwashe gari, wala si kuilinda amplifaya, kwa hiyo isifungwe buti.

Mpangilio wa kununua

Kwangu mimi ni waya na ethi kwanza, kisha milango ya mbele, kisha amplifaya, sabufa mwisho. Najua vijana wataguna.

Milango kwa sababu sauti ya mwimbaji inatoka hapo. Spika za inchi 6.5 zenye twita (spika ndogo za sauti nyembamba) tofauti, zimefungwa kwenye mlango uliozibwa vizuri, zinabadilisha gari kuliko sabufa ya pili. Fungua mlango wa Toyota uone: karatasi ya plastiki imefunika matundu makubwa, na sauti ya nyuma ya spika inavuja na kuiua besi ya mbele. Bandika shiti za butili (mpira unaonata wa kuzuia mtetemo) kwenye bati la nje, ziba matundu, ukiacha njia ya maji kutoka chini. Ringi ya kushikia spika iwe ya plastiki ngumu. Ya MDF, ile mbao ya unga wa mti uliogandamizwa, hufura mvua ya kwanza ya masika. Kabla ya kurudisha mlango, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika: koni zote zisogee nje kwa upande uleule. Moja ikirudi ndani, imegeuzwa, na besi itapotea katikati ya gari.

Kwenye sabufa, hesabu omu kabla ya kulipa. Koili mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba zinatoa 2. Zikifuatana zinatoa 8. Amplifaya isiyokubali 2 itazima yenyewe au itaungua.

Kapasita ya farad moja watakuuzia kwa maneno mazuri. Ikishuka kutoka volti 14 hadi 13 inatoa jouli 13.5 tu, ambazo amplifaya ya wati 500 inazimaliza kwa chini ya sehemu tatu za mia za sekunde moja. Taa zikififia kila besi ikipiga, fedha hiyo iweke kwenye waya mnene kati ya altaneta na betri, halafu betri yenyewe: kutoka NS40 kwenda N50 au NS70 kama sahani ya betri inaruhusu. Altaneta kubwa ni hatua ya mwisho. Magari madogo mengi yana za ampea 70 hadi 100, imeandikwa kwenye lebo yake.

Kuweka geini

Geini si kitasa cha sauti. Iweke sifuri, zima viboreshaji vyote vya besi, chomoa spika. Weka redio robo tatu ya sauti, cheza toni ya 50 Hz kwa sabufa, pima volti za AC kwenye vituo vya spika vya amplifaya. Volti unayoitaka ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 500 kwa omu 2 ni 31.6, wati 75 kwa omu 4 ni 17.3. Fungua geini taratibu ukifika hapo simama. Kwa spika za mlangoni tumia toni isiyozidi 400 Hz, kwa sababu mita za kawaida hudanganya juu ya hapo. Kisha zima, rudisha spika, weka krosova (kigawanya masafa: besi iende kwenye sabufa, zilizobaki milangoni) kwenye 80 Hz pande zote mbili, sikiliza, rekebisha kwa sikio.

Piga muziki kwa nguvu nusu saa, kisha shika kwa vidole nyumba ya fyuzi na kila kiungio. Uvuguvugu ni sawa. Kinachochoma kimelegea au hakikubanwa vizuri. Baada ya wiki moja ya barabara zetu, kaza tena bolti ya ethi na vichwa vya betri, upime upya ile volti ya ethi.